Bilioni au Miliari? Namba Yenye Sifuri Tisa, Sifa Zake na Majina Yake

Utangulizi

Katika toleo hili tumeona ni vyema tuzungumzie jambo ambalo kwa kawaida halimo katika masomo ya idara ya lugha, yaani namba. Sababu yake ni kosa letu wenyewe. Katika somo la tafsiri tuliwapa wanafunzi habari fupi kuhusu bajeti ya serikali ya Tanzania ya mwaka 2024/25, ambayo ilikuwa shilingi trilioni 49.35, waifasiri kwa Kifaransa. Karibu darasa zima liliandika "49,35 trillions". Neno linafanana, tarakimu ni zile zile, nasi tukapitisha na kuweka alama ya vyema.

Siku ya kurudisha karatasi, mwanafunzi mmoja aliyesoma shule ya msingi upande wa Kigoma na ya sekondari hapa Bujumbura alinyoosha mkono. Akauliza: "Mwalimu, trilioni ya kule na trillion ya Kifaransa zina sifuri sawa?" Tulikwenda ubaoni kuhesabu, na hazikuwa sawa. Trilioni ya Kiswahili ina sifuri kumi na mbili. Ile ya Kifaransa, kwa kanuni rasmi, ina sifuri kumi na nane. Kwa hiyo tulikuwa tumeizidisha bajeti ya jirani zetu mara milioni moja, na bado tukaisifu kazi hiyo.

Tulipolifuatilia kosa hilo tuligundua kwamba chanzo chake ni namba moja tu: 1 ikifuatiwa na sifuri tisa. Kiswahili sanifu kinaiita bilioni. Kifaransa kinaiita "milliard", na wengi wetu hapa Burundi tunapoongea Kiswahili husema miliari au miliyaridi. Kumbe Kifaransa nacho kina neno "billion", ila ni jina la namba nyingine kabisa. Kwa nini namba moja ikawa na majina mawili, na jina moja likawa na namba mbili? Jibu limo ndani ya namba yenyewe. Ndiyo maana makala haya yanaanza na hesabu kabla ya kurudi kwenye lugha.

Ukubwa wake

Namba yetu huandikwa hivi: 1,000,000,000. Ni elfu moja mara milioni moja. Macho huzichoka sifuri upesi, kwa hiyo tuipime kwa vitu tunavyovijua.

Tuanze na wakati. Sekunde milioni moja ni siku kumi na moja na nusu hivi. Sekunde bilioni moja ni siku 11,574 na zaidi kidogo, yaani miaka 31 na miezi minane. Mtoto aliyezaliwa hapa usiku ule ule Burundi ilipopata uhuru, tarehe 1 Julai 1962, alitimiza sekunde bilioni moja za maisha yake tarehe 9 Machi 1994, akiwa mtu mzima. Sekunde trilioni moja, yaani zenye sifuri kumi na mbili, ni miaka zaidi ya 31,600. Hakuna ufalme wala maandishi yenye umri huo.

Sasa tupime kwa fedha. Faranga bilioni moja kwa noti za faranga 10,000 ni noti laki moja, yaani mabunda 1,000 yenye noti mia mia. Hayo mtu anaweza kuyapakia kwenye gari dogo. Faranga trilioni moja kwa noti hizo hizo ni noti milioni mia moja, na hapo gari dogo halifai kitu. Anayechanganya bilioni na trilioni kwa hiyo hakosei kidogo: amechanganya umri wa mtu na umri wa mapango, gari dogo na msafara wa malori.

Vigawo mia moja

Kila namba kamili iliyo kubwa kuliko 1 hujengwa kwa kuzidisha namba tasa, yaani namba zisizogawanyika kwa namba nyingine isipokuwa 1 na zenyewe: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Namba yetu, pamoja na ukubwa wake, imejengwa kwa namba tasa mbili tu. Kumi ni 2 × 5. Bilioni ni kumi iliyozidishwa kwa kumi hadi kumi zote ziwe tisa. Kwa hiyo:

1,000,000,000 = 2⁹ × 5⁹

Maana yake ni mbili tisa na tano tisa, zote zikizidishwa pamoja. Hakuna 3 humo, hakuna 7, hakuna namba tasa nyingine yoyote.

Kutokana na hilo tunaweza kujua namba hii ina vigawo vingapi, yaani namba zinazoigawanya bila kubakisha kitu. Tutazame kwanza namba ndogo ya jamii hiyo hiyo. Mia moja ni 2² × 5². Kigawo chochote cha mia kinaweza kuwa na mbili sifuri, moja au mbili, na vivyo hivyo kwa tano. Njia ni 3 × 3, yaani vigawo 9: 1, 2, 4, 5, 10, 20, 25, 50 na 100. Msomaji anaweza kuvihakiki kwa vidole. Kwa bilioni, mbili zinaweza kuwa kuanzia sifuri hadi tisa, yaani njia kumi, na tano nazo njia kumi. Kumi mara kumi ni mia moja. Namba yenye sifuri tisa ina vigawo mia moja kamili, wala si zaidi. Milioni ina 49, na trilioni ina 169.

Kuna sifa nyingine ndogo inayopendeza. Je, tunaweza kuiandika bilioni kama zao la namba mbili ambazo hazina sifuri hata moja ndani yake? Namba yoyote iliyo na 2 na 5 kwa pamoja huishia na sifuri. Hivyo hatuna budi kuziweka mbili zote upande mmoja na tano zote upande wa pili. Tukifanya hivyo tunapata:

512 × 1,953,125 = 1,000,000,000

Hakuna sifuri upande wa kushoto, na hakuna njia nyingine ya kupata hivyo. Tukijaribu vivyo hivyo kwa trilioni tunashindwa, kwa sababu 2 ikizidishwa mara kumi na mbili ni 4,096, na sifuri imo tayari.

Kipeo cha tatu, si cha pili

Sasa tunafika kwenye sifa ambayo ndiyo kiini cha makala haya. Tunaposema kipeo cha pili cha namba fulani tuna maana namba hiyo mara yenyewe. Kipeo cha tatu ni namba hiyo mara yenyewe mara yenyewe tena.

Bilioni ni kipeo cha tatu cha elfu: 1,000 × 1,000 × 1,000. Lakini si kipeo cha pili cha namba kamili yoyote. Tukizidisha 31,622 kwa yenyewe tunapata 999,950,884, ambayo ni pungufu. Tukizidisha 31,623 kwa yenyewe tunapata 1,000,014,129, ambayo imezidi. Katikati ya 31,622 na 31,623 hakuna namba kamili. Tungeweza kulijua hilo bila kuzidisha: mbili zilizomo ni tisa, na tisa ni witiri, haigawanyiki katika mafungu mawili yaliyo sawa. Ila inagawanyika katika mafungu matatu.

Trilioni ni tofauti. Ina sifuri kumi na mbili, na kumi na mbili hugawanyika kwa mbili na kwa tatu pia. Kwa hiyo trilioni ni kipeo cha pili cha milioni (1,000,000 × 1,000,000) na papo hapo ni kipeo cha tatu cha elfu kumi.

Tushike maneno haya mawili: bilioni ni kipeo cha elfu, lakini si kipeo cha milioni. Majina yote mawili yametokana na hapo.

Kwa nini ina majina mawili

Mwaka 1484 Mfaransa mmoja, Nicolas Chuquet, aliandika kitabu cha hesabu ambamo alitumia majina ya namba kubwa yaliyojengwa juu ya neno milioni. Mpango wake ulikuwa rahisi. Kiambishi cha mwanzo kinataja milioni ngapi zimezidishwa. "Bi" ni mbili, kwa hiyo bilioni ni milioni mara milioni, sifuri kumi na mbili. "Tri" ni tatu, kwa hiyo trilioni ni milioni mara milioni mara milioni, sifuri kumi na nane. Katika mpango huu kila jina jipya linaongeza sifuri sita.

Namba yetu yenye sifuri tisa itapewa jina gani hapo? Haina nafasi, kwa kuwa si kipeo cha milioni: tisa haigawanyiki kwa sita. Imekaa katikati ya milioni na bilioni kama abiria asiye na kiti. Ndiyo maana ilitungiwa jina lake la pembeni, "milliard".

Watu wengine walifuata mpango tofauti. Wao walitazama mafungu ya sifuri tatu tatu, jinsi tunavyoziandika tarakimu. Kila fungu jipya baada ya milioni linapewa jina jipya. Katika mpango huu elfu ndiyo kipimo, na namba yetu, ambayo ni kipeo cha elfu, inapata kiti chake bila taabu: inaitwa bilioni, na yenye sifuri kumi na mbili inaitwa trilioni.

Mipango yote miwili ni sahihi kihesabu. Mmoja unahesabu kwa milioni, mwingine kwa elfu. Kosa linatokea pale tu mtu anapochukua jina katika mpango mmoja na kulitia katika mpango wa pili bila kuhesabu sifuri.

Majina hayo yalivyotufikia

Historia yake ina mzunguko wa kuchekesha. Mpango wa sifuri tatu tatu, ambao leo tunauona kuwa wa Kiingereza, ulitumika sana Ufaransa kwenyewe, na Wamarekani wakaufuata. Waingereza kwa upande wao walishikilia mpango wa milioni. Baadaye wakabadilishana. Mwaka 1961 serikali ya Ufaransa ilitoa amri rasmi ya kufuata mpango wa milioni, ambamo "billion" ina sifuri kumi na mbili. Mwaka 1974 serikali ya Uingereza nayo ilitangaza kwamba katika takwimu zake neno hilo lina maana ya sifuri tisa. Msomaji anayekuta neno hilo katika kitabu cha Kiingereza kilichochapwa Uingereza kabla ya mwaka 1974 inampasa awe mwangalifu.

Sisi tulitawaliwa na Ubelgiji hadi mwaka 1962, na shule zetu zilifuata Kifaransa cha Ubelgiji, ambacho hutumia "milliard". Jirani zetu wa Kongo ni hivyo hivyo. Jirani zetu wa Tanzania, Kenya na Uganda walitawaliwa na Uingereza, na leo magazeti na serikali zao hutumia bilioni kwa sifuri tisa na trilioni kwa sifuri kumi na mbili. Kiswahili sanifu kimefuata njia hiyo.

Kabla ya hapo lugha zetu zilikuwa na namba zake. Kirundi kina "ijana" kwa mia na "igihumbi" kwa elfu. Kiswahili kilikopa mia na elfu kutoka Kiarabu, na laki, yaani elfu mia moja, ikatoka Bara Hindi pamoja na biashara. Hata namba ndogo zilikopwa: tisa ni ya Kiarabu, lakini Kiswahili bado kina neno lake la asili, kenda, ambalo kila Mrundi atalitambua mara moja kwa sababu ni ndugu wa "icenda" yetu. Kuanzia milioni kwenda juu, Kirundi na Kiswahili vyote viwili vimekopa Ulaya, ila kila kimoja kimekopa mlango wake.

Hapa Bujumbura milango hiyo inakutana. Mfanyabiashara wa Buyenzi anayeagiza mzigo kupitia Kigoma anaandikiwa bilioni. Anapovuka Gatumba kwenda Uvira anasikia miliari. Fedha ni zile zile, sifuri ni zile zile tisa. Bajeti ya taifa letu ilikwisha kupita "milliards" elfu moja katika miaka ya 2010, na sisi tunaendelea kuitaja kwa maelfu ya miliari. Mtanzania angesema trilioni, na hakuna anayekosea.

Kwa muhtasari:

Sifuri 6: Kiswahili milioni, Kifaransa "million".
Sifuri 9: Kiswahili bilioni, Kifaransa "milliard".
Sifuri 12: Kiswahili trilioni; Kifaransa "mille milliards", au "billion".
Sifuri 18: Kiswahili bilioni mara bilioni, Kifaransa "trillion".

Kwa hiyo bajeti ile ya shilingi trilioni 49.35 ilipaswa kufasiriwa kuwa "49 350 milliards". Hiyo ndiyo tafsiri tuliyopaswa kuidai darasani.

Majirani wa namba yetu, na jaribio la tisa

Huenda msomaji akauliza: je, hakuna hesabu ya kulinasa kosa hilo? Wengi wetu tulifundishwa shuleni jaribio la tisa. Unajumlisha tarakimu za namba, unagawanya jumla kwa 9, unatazama kinachobaki. Kama mabaki hayalingani, hesabu ina kosa.

Tutazame majirani wa bilioni. Aliye chini yake ni 999,999,999, ambayo ni 9 × 111,111,111. Kwa hiyo bilioni ikigawanywa kwa 9, au kwa 3, hubaki 1 daima. Ni hivyo pia kwa elfu, milioni na trilioni, kwa sababu zote zina tarakimu 1 na sifuri tupu. Na hapo ndipo jaribio linaposhindwa. Katika bajeti ile, 4 + 9 + 3 + 5 ni 21, na 21 kwa 9 hubaki 3. Tukiongeza sifuri tatu, sita au mia moja, jumla ni 21 ile ile. Jaribio la tisa haliwezi kuona sifuri iliyozidi. Kosa letu la darasani lingepita mbele yake bila kusimamishwa.

Jirani wa juu anasaidia zaidi. Ni 1,000,000,001, na yeye ni 7 × 11 × 13 × 19 × 52,579. Kwa kuwa anagawanyika kwa 11, bilioni ikigawanywa kwa 11 hubaki 10. Lakini trilioni ikigawanywa kwa 11 hubaki 1. Kwa hiyo jaribio la kumi na moja linaweza kunasa kosa la sifuri tatu. Hata hivyo haliwezi kunasa kosa la sifuri sita, kama letu. Hakuna jaribio linaloshinda kuhesabu sifuri zenyewe.

Sifa hizi zina matumizi ya kila siku pia. Tuseme kuna faranga bilioni moja za kugawa sawa kwa mikoa. Burundi ilipokuwa na mikoa kumi na minane, kila mmoja ungepata 55,555,555 na faranga 10 zingebaki, kwa sababu 18 ina 3 ndani yake na bilioni haina. Tangu mwaka 2025 mikoa ni mitano, na 5 ni kigawo cha bilioni. Kila mkoa ungepata milioni mia mbili kamili bila kubaki hata faranga moja.

Tusiache kutaja kwamba namba tasa ya kwanza baada ya bilioni ni 1,000,000,007, na ya mwisho kabla yake ni 999,999,937. Chini ya bilioni ziko namba tasa 50,847,534, yaani karibu moja katika kila namba ishirini. Njia ya kuzichekecha namba tasa hujulikana kwa jina la Eratosthenes, aliyeishi katika mji wa Aleksandria, Misri, katika karne ya tatu kabla ya Kristo.

Mtego wa nukta na mkato

Kuna mtego mwingine unaozidisha mara elfu, nao ni mdogo kuliko herufi. Katika maandishi ya Kiswahili, mkato hutenga maelfu na nukta hutenga desimali. Katika Kifaransa mkato ndio unaotenga desimali, na maelfu hutengwa kwa nafasi. Basi mtu akiandika 1,500 katika Kiswahili amesema elfu moja na mia tano. Msomaji aliyezoea Kifaransa anaweza kusoma moja na nusu. Na trilioni 49.35, tukiifasiri kwa Kifaransa, hatubadilishi jina tu, bali alama pia.

Kuisoma namba kwa sauti

Mwisho tuseme kidogo kuhusu kusoma. Sensa ya mwaka 2008 ilihesabu watu 8,053,574 nchini Burundi. Kwa Kiswahili tunasoma: milioni nane, elfu hamsini na tatu, mia tano sabini na nne. Katika maandishi hakuna shida. Lakini mtu akisikia tu "elfu hamsini na tatu", anaweza kuelewa 53,000, au 50,003. Kirundi na Kifaransa havina utata huo mahali hapo. Kiswahili kinao kwa sababu neno elfu hutangulia idadi yake.

Wasemaji wazuri wana njia za kujikinga. Wengine hugeuza mpangilio na kusema "hamsini na tatu elfu" wanapotaka 53,000. Wengine hurudia kitu kinachohesabiwa, wakasema "faranga elfu hamsini na faranga tatu" wanapotaka 50,003. Kuanzia laki, wengine husema "laki mbili" badala ya "elfu mia mbili", na utata unapungua. Mwanafunzi azizoee njia zote, maana atazikuta zote sokoni na redioni.

Ushauri kwa wanafunzi na wakalimani

Burundi imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na wahitimu wetu wengi wanafasiri mikataba, ripoti na habari kati ya Kiswahili na Kifaransa. Neno lililofasiriwa vibaya huweza kurekebishwa na muktadha. Namba haina huruma hiyo. Mkataba wa bilioni mbili uliofasiriwa "deux billions" ni deni lililoongezwa mara elfu, na anayeweka sahihi huenda asijue. Kwa hiyo tunashauri haya:

1. Ukikutana na jina la namba kubwa, liandike kwanza kwa tarakimu, sifuri zote, kabla ya kulifasiri.
2. Hesabu sifuri, usitegemee sura ya neno. Maneno yanayofanana ndiyo yanayodanganya.
3. Tazama nukta na mkato, kisha jiulize mwandishi ni wa upande gani.
4. Ukikalimani kwa sauti, taja namba, kisha taja idadi ya sifuri kama kuna shaka. Hakuna atakayekucheka.
5. Ukiandikia wasomaji wa Burundi, unaweza kuandika "bilioni (miliari)" mara ya kwanza, halafu ukaendelea na bilioni.

Mazoezi

1. Fasiri kwa Kifaransa: "shilingi bilioni 750" na "shilingi trilioni 2.5".
2. Fasiri kwa Kiswahili: "1 200 milliards de francs".
3. Elfu ina vigawo vingapi?
4. Namba yenye sifuri kumi na tano ni kipeo cha tatu cha namba gani? Je, ni kipeo cha pili cha namba kamili?

Majibu

1. "750 milliards de shillings"; "2 500 milliards de shillings". 
2. Faranga trilioni 1.2, au faranga bilioni 1,200. 
3. Elfu ni 2³ × 5³, kwa hiyo ina vigawo 4 × 4, yaani 16. 
4. Ni kipeo cha tatu cha laki moja (100,000). Si kipeo cha pili, kwa kuwa kumi na tano ni witiri.

Hitimisho

Tumeona kwamba bilioni na miliari ni namba moja, na kwamba majina yalitengana kwa sababu namba hiyo ni kipeo cha elfu lakini si kipeo cha milioni. Sifa hiyo haibadiliki kwa Kirundi, Kiswahili wala Kifaransa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tunaongeza kwamba hata penye daftari sifuri zihesabiwe. Zile karatasi za wanafunzi tulizikusanya tena, tukazisahihisha upya. Yule aliyeuliza swali tulimwongezea alama mbili.